Mjadala: Tuchangie zahanati mpya, au kwanza tuliyonayo ipate watumishi na dawa?

Wadau, habari zenu. Kijiji chetu kimegawanywa kuwa vijiji viwili, na sasa wenzetu wa upande wa pili wanataka tuchange mchanga, mawe na fedha tuinue boma la zahanati yao, halmashauri ije kupaua. Mkutano ulikatika bila muafaka. Naileta hoja hapa maana najua haituhusu sisi peke yetu.

Msimamo wangu ni kwamba tusichange boma hilo kwa sasa.

Zahanati iliyopo ina nesi mmoja na mhudumu mmoja. Tabibu alihamishwa, hakuletwa mwingine. Ikama ya mwaka 2014, yaani mwongozo wa wizara wa idadi ya watumishi, ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Nesi huyo ndiye anayepima watoto kliniki, anayezalisha, anayepima malaria na kutoa dawa ya mseto, kisha jioni anajaza vitabu vya MTUHA (vya kumbukumbu za huduma za afya) akimulika kwa tochi ya simu. Akienda wilayani kufuata chanjo, mlango una kufuli, na akina mama wanakaa barazani na watoto mgongoni wakimsubiri. Tukijenga ya pili, atatoka wapi wa kuifungua? Watamchukua huyu huyu.

Dawa nazo ni kilio. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo. Sawa, lakini msamaha huo unamfaa nini mama aliyeandikiwa karatasi akanunue duka la dawa muhimu? CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Majirani zangu wengi walilipa mwaka wa kwanza, wa pili wakaacha. Siwalaumu hata kidogo. Mtu hawezi kulipia dirisha la dawa lisilo na dawa.

Wanaotaka boma wana hoja moja nzito, nayo ni umbali. Masika korongo likijaa, kwao hakupitiki, na uchungu hausubiri maji yapungue. Hili linaniuma na sitaki lipuuzwe. Wengine wanasema zahanati kila kijiji ni ahadi ya MMAM (mpango wa serikali wa maendeleo ya afya ya msingi) tangu 2007, kwa hiyo ni haki yao. Kweli ni haki yao, ila haki hiyo ni ya kutibiwa. Kuta peke yake hazimzalishi mtu.

Napendekeza nguvu zile zile, mchanga ule ule, tuzielekeze kwenye nyumba ya watumishi pale zahanati ilipo. Leo nesi amepanga chumba sokoni, na usiku anayegonga zahanati anagonga jengo lisilo na mtu. Watumishi wanaopangiwa huku wanafika, wanaangalia pa kulala, wanaanza kutafuta uhamisho. Tukiwa na nyumba, hata tukimdai mkurugenzi wa halmashauri tabibu tunamdai kwa nguvu.

Kwa wa ng'ambo ya korongo, tudai wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 Tanzania nzima kwa miaka 5, wawili kila kitongoji. Mhudumu anayeishi hapo hapo anajua nani ana mimba ya miezi minane kabla mvua haijaanza, na anaweza kumshauri avuke mapema akakae kwa ndugu. Dharura ikitokea kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga: unapiga 115 bure, gari la wagonjwa lisipopatikana inatumwa gari ya dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa. Korongo likijaa gari nalo halivuki, ndiyo maana kivuko ningekichangia leo hii kabla ya boma.

Halafu kuna jambo hatuliulizi kabisa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za serikali inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya usimamizi, ambayo ina wananchi ndani yake, ina sauti kwenye matumizi. Sisi hatujawahi kusomewa mapato na matumizi hayo mkutanoni. Kwenu mnasomewa? Na waliojenga boma kwanza wakapata watumishi baadaye, naomba mseme ilichukua muda gani na mlimbana nani.