Wenye kobe na nyoka nyumbani, moshi wa sigara umewafanyia nini? Tupeane uzoefu

Mwana Majengo
Jamani kuna jambo lanitia wasiwasi. Nyumbani tuna kobe wa marehemu babu, kwa umri ni mkubwa kuliko mimi. Mvua hizi za masika uwani kumejaa maji tukamtia sebuleni, na sebuleni ndiko ami na wenzake watazamako mpira, sigara haizimwi mpaka usiku wa manane. Jana nimemuona ana mapovu puani. Moshi wa mtu mwingine wamdhuru kobe kweli ama ni baridi tu? Aliyepitia atwambie.

Bint Kibokoni
Umenikumbusha mbali mpaka mikono yatetemeka. Mimi wangu n'limzika. Ilikuwa Ramadhani, na wavutaji wa Ramadhani mwawajua, mchana kutwa wamejizuia, adhana ikilia ni tende moja na sigara tatu, kisha baada ya tarawehe ndugu zangu wote na marafiki zao wajaa ukumbini mpaka daku, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Kobe alikuwa ndani ya boksi nyuma ya kochi. Kwanza akaacha mchicha, nikasema labda joto. Kisha usiku nikawa nasikia kama birika linalotaka kuchemka, kifirimbi chembamba, sote tukadhani ni panya, kakangu akaweka hadi mtego. Siku ya nne nimeamka kupika daku nikasikia tena, nikasogeza kochi, nikamkuta shingo ameinyoosha yote imelala chini, mdomo wazi, kila akivuta pumzi miguu ya mbele inatoka na kuingia. Kile kifirimbi kilikuwa ni yeye. Asubuhi n'kampakata kwenye tuktuk mpaka kwa daktari wa mifugo, akanieleza kwamba kobe hana ile misuli ya chini ya mapafu tuliyo nayo sisi, apumua kwa kuchezesha miguu na mabega, kwa hivyo hawezi kukohoa akatoa uchafu kifuani. Kohozi labaki humo humo. Hakusema ni sigara peke yake, alisema sakafu baridi nayo ina lake, ila mapafu yaliyokwisha kuchomwa na moshi hayana nguvu ya kupigana na maradhi. Alimdunga sindano za mkono wa mbele siku tatu. Ya nne hakuifikia. Mapovu ni ya mapema, wewe bado una nafasi, mtoe humo SASA HIVI.

Fundi AC Tudor
Pole sana dada. Hapo kwa kukohoa ndio sikujua kabisa.

Babu wa Likoni
Poleni, lakini tusitishane. Kwetu twafukiza udi kila Ijumaa, dawa ya mbu ile ya kuviringika yawaka usiku kucha, na mijusi ukutani wamenona. Mbona hawafi?

Bint Kibokoni
Babu yangu, shikamoo, lakini mjusi wa ukutani akikerwa hutoka dirishani. Wangu alikuwa kwenye boksi. Angetokea wapi?

Babu wa Likoni
Marahaba. Hapo umenena.

Mkaazi wa Mikindani
Kabla ya moshi, hao kobe mna kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya? Sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi, huyu si kuku.

Mwana Majengo
Kaka kobe yuko pale tangu babu yu kijana. Sai ni mgonjwa, nimpeleke kwa daktari ama nimpeleke ofisini?

Mkaazi wa Mikindani
Kote kuwili. Sisemi kwa ubaya.

Shemeji wa Kisauni
Mpe habbat soda kwenye maji. Na ami atolewe nje, kobe apewe rimoti.

Fundi AC Tudor
Usimnyweshe kwa nguvu! Yaingia mapafuni hayo. Mtie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kimo cha kidevu tu, atakunywa mwenyewe.

Shemeji wa Kisauni
Mwenye mapovu puani unamtia majini?

Mlezi wa Chatu
Nimesoma habari ya Bint Kibokoni nikashindwa kunyamaza. Nimewahi kufanya kazi ya kusafisha vizimba vya nyoka huku pwani ya kaskazini na nilikuwa mvutaji. Nilikuwa nasimama nyuma ya banda, kumbe hapo ndipo penye matundu ya hewa ya chatu. Akaanza kuinua kichwa juu, mdomo nusu wazi, mate yavutika kama gundi. Mkubwa wangu akakuta vipande vya sigara chini pale, akaniuliza tu, "hivi ni vyako?" Nyoka hunusa kwa ulimi, kila akiutoa anaulamba ule moshi wangu. Alitibiwa wiki nyingi, akaongezewa joto, akapona. Na si moshi peke yake, vidole vyako vina nikotini, ukishavuta nawa kwa sabuni ndio umshike. Wenye kobe okoteni vipande uwani, kobe hula chochote alichokikuta chini na ile ni sumu.

Bint Kibokoni
Ahsante kwa kusema ukweli.

Babu wa Likoni
Wale wa Haller Park, bustani ya wanyama ya Bamburi, hamuwaoni? Yule kobe aitwaye Mzee aliyelala na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004, walikaa nje, hewa tupu. Kobe ni mtu wa nje.

Mwana Majengo
Nimerudi. Daktari amempiga sindano ya kwanza, amesema joto kwanza, maji baadaye. Tumemhamishia chumba cha mamangu chini ya taa, dirisha wazi. Ami kiti chake amekitoa barazani mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Mapovu bado yako.

Bint Kibokoni
Shingo je? Imelala nje?

Mwana Majengo
Nimeenda kumtazama sasa hivi. Ameirudisha ndani.