Rumeti wangu hajafa! Acheni kumfanya mzimu wa korido

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha mtanisamehe.

Wiki iliyopita nimekutana na binti wa mwaka wa kwanza anayekaa kwenye bweni nililokaa mimi zamani. Tukapiga stori mbili tatu, nikamtajia namba ya chumba changu. Akanyamaza. Kisha akanisogelea na kuninong'oneza: "Dada, kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unakaa na yule aliyekufa?"

Aliyekufa nani? Rumeti wangu yupo, anapumua, asubuhi ya siku hiyohiyo alinitumia picha ya mtoto wa dada yake. Lakini bwenini wameshamzika. Wana mpaka siku ya kifo (Alhamisi, eti mvua ilikuwa inanyesha), na kila msimu wa mitihani anasikika akiburuta kiti. Mwingine, mtu mzima na akili zake, akaniuliza kama ni kweli nilipewa A masomo yote kwa kufiwa na rumeti.

Hiyo ya A niimalize kabisa. Ni chai ya miaka mingi kwenye vyuo vya Marekani, na watu wanaokusanya ngano za wanafunzi wameifuatilia bila kukuta chuo chenye kanuni hiyo. Mwanafunzi aliyefiwa anaahirishiwa mtihani, anapewa mtu wa kuzungumza naye. Hakuna anayegawa A kwa sababu ya msiba. Na fikiria roho ya mtu anayeona msiba halafu swali lake la kwanza ni matokeo.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Mwisho wa korido yetu palikuwa na chumba chenye kufuli. Siku ya pili tu tangu tufike, dada wa mwaka wa tatu alitukusanya kitandani kwake akatupa historia: kuna msichana alijiua humo. Wiki iliyofuata nikasikia kutoka kwa mwingine kwamba hapana, alipigwa na umeme. Wa tatu akasema alipewa mimba na mhadhiri. Hawakubaliani kafa vipi wala mwaka gani, ila wote wanakubaliana alikuwa na gauni jeupe, utadhani bweni lina sare ya marehemu. Na usiku wa manane anagonga ukuta.

Kugonga kulikuwepo kweli, nilikusikia kwa masikio yangu. Nikamuuliza mzee wa matengenezo. Akacheka. Pampu ya maji ikiwashwa usiku, hewa na maji vinasukumana kwenye mabomba ya zamani, yanapiga ukuta. Na kile chumba? Dari imeoza, paa linavuja, maji yanashuka hadi kwenye nyaya za umeme, ndiyo maana kimefungwa. Halafu akaniambia kitu ambacho mpaka leo kinanichoma: "Mkiamini kuna mzimu, nani ataandika barua kuomba paa litengenezwe?"

Nilirudi nikawaambia. Walinisikiliza kama wanavyomsikiliza mtu anayeharibu sinema.

Rumeti wangu yeye aliamini. Akawa halali mpaka alfajiri, anasoma taa ikiwaka, mchana anasinzia darasani. Mtu akiishi hivyo wiki mbili tatu, kinachofuata kinajulikana tangu enzi za bibi zetu: jinamizi. Unafumbua macho, mwili haunyanyuki, kifua kimekabwa, na pembeni ya kitanda kuna mtu amesimama. Kitaalamu, ubongo umeamka kabla misuli haijafunguliwa kutoka kwenye ile hali ya usingizi wa ndoto, ambapo mwili hulegezwa ili usitende unachoota. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa 2011 yalikuta kwamba karibu 28% ya wanafunzi wamewahi kupatwa nalo, wakati kwa watu kwa ujumla ni kama 8%. Yaani wanafunzi ni wateja wakubwa wa jinamizi, na kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayolichochea.

Alipopiga kelele usiku ule, hakuna aliyemuuliza lini mara ya mwisho alilala saa sita mfululizo. Walijaa mlangoni. Wawili wakaanza kukemea, mmoja akamshika kichwa, na kuna aliyewasha simu akarekodi. Video ikazunguka bweni zima kabla ya chai ya asubuhi. Msimamizi wa bweni, ambaye kazi yake ni kumpeleka mtu hospitali, akasema "tusimsogelee mpaka atulie". Baada ya siku kumi na moja alifunga begi akaondoka. Hakuaga.

Msinijie na "mbona hata vyuo vya wazungu vina mizimu". Najua. Kenyon College, Ohio, Marekani, moto uliteketeza bweni la Old Kenyon Februari 27, 1949, wanafunzi tisa wakafa. Jengo likajengwa upya, na hadithi inasema miguu ya marehemu huonekana ikining'inia darini, kwa kuwa sakafu mpya haiko usawa wa ile ya zamani. Inasisimua, sikatai. Lakini pale angalau kuna tarehe, kuna watu waliozikwa kweli. Nyie wenzangu mna kufuli na bomba.

Au Madam Koi Koi wa shule za bweni Nigeria, mwalimu wa viatu virefu anayesikika koridoni koi, koi, koi. Ghana wanamwita Madam High Heel. Kuna wanaosema alikufa kwa ajali, kuna wanaosema wanafunzi ndio waliomuua. Mwanamke mmoja, vifo kibao, na kila shule inaapa alifundisha kwao. Na mwaka 1991 baadhi ya wanafunzi wa vyuo vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, walihama mabweni karibu na Halloween, ile sikukuu yao ya mambo ya mizimu, kwa uvumi kwamba kuna utabiri wa mauaji kwenye bweni fulani. Uvumi wa aina hiyohiyo ulishawahi kuzunguka vyuoni Marekani mwaka 1968. Mauaji hayakutokea.

Mimi stori za kutisha nazipenda, nimekulia humo. Taa zikizimika mtu akianza "paukwa", mimi wa kwanza kuvuta shuka. Shida yangu ni nyie mnaomtazama mtu aliye mbele yenu anaumwa, mnaona kipande kipya cha hadithi. Wewe uliyerekodi ile video unajijua. Na wewe dada wa mwaka wa tatu, sasa hivi umeajiriwa, una heshima zako, nenda kawaambie hao wadogo kwamba ulitunga.

Maana jana nimempigia rumeti nimweleze. Alicheka sana, halafu akaniuliza taratibu, "Sasa nilikufaje?" Nikashindwa kumjibu, wana matoleo matatu.

Amekubaliwa kurudi muhula ujao. Bweni lilelile. Sasa mwenye hekima humu aniambie: siku ya kwanza akiingia koridoni na begi lake, akataja jina na chumba alichokaa, hao watoto watapitia mlango gani?