Mjadala: Cienciano walibebwa na milima ya Cusco, au tunawadhulumu?

Beki Tatu (mleta mada)
Wadau, kila ukitajwa ubingwa wa Cienciano wa Copa Sudamericana 2003 (kombe la pili kwa ukubwa la vilabu Amerika Kusini), hakosekani mtu wa kusema "wale walibebwa na milima". Nimechoka kuisikia, leo tuichambue.

Klabu ilianzishwa 1901 na wanafunzi wa Colegio Nacional de Ciencias, jina limetoka hapo. Kwao ni Cusco, Peru, mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajue ni chini kidogo ya kambi ya Horombo. Mgeni huko anahema, sikatai. Lakini fainali dhidi ya River Plate ya Argentina haikuchezwa Cusco! Mechi ya kwanza ilikuwa Buenos Aires, Cienciano wakatoka sare ya 3-3 ugenini. Ya marudiano, tarehe 19 Desemba, ilihamishiwa Arequipa, mji mwingine wa Peru, kwa sababu uwanja wa Garcilaso wa Cusco ulikuwa mdogo kwa masharti ya CONMEBOL, shirikisho la soka la Amerika Kusini. Arequipa ni mita 2,300 na kitu. Mparaguay Carlos Lugo akafunga kwa frikiki, 1-0, na Cienciano wakamaliza wakiwa tisa uwanjani baada ya kadi nyekundu mbili. Watu tisa, mbele ya River ya kocha Manuel Pellegrini. Mnaosema milima, nionyesheni ilicheza namba ngapi.

Mzee wa Jukwaa
Kijana, unaanzia fainali kana kwamba walishushwa pale na helikopta. Universidad Católica walichapwa 4-0 Cusco. Marudiano kule Chile, Cienciano haohao wakalala 3-1. Santos, mabingwa wa Brazil wa 2002, walitoka nao 1-1 kwao, kupanda Cusco wakafa 2-1. Ondoa hizo mechi za mlimani uniambie kama hiyo Arequipa wangeiona.

Tena utafiti upo. Jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2007 lilitoa uchambuzi wa mechi 1,460 za timu za taifa za Amerika Kusini. Timu mbili zinazotoka mwinuko mmoja zikikutana, mwenyeji ana nafasi ya ushindi ya 54%. Mwenyeji akiwa juu ya mgeni kwa mita 3,695, yaani kama Bolivia dhidi ya Brazil, inapanda hadi 83%. Hewa ikiwa nyepesi, mapafu ya mgeni yanakata na mpira wenyewe unakimbia kuliko alivyozoea. Kipa anauhukumu vibaya.

Beki Tatu
Shikamoo mzee wangu. Nusu fainali umeiruka makusudi. Atlético Nacional wa Colombia walifungwa 2-1 nyumbani kwao Medellín, kabla hawajaiona Cusco. Na Septemba 2004 kwenye Recopa, mechi ya mabingwa wa vikombe viwili vikubwa vya vilabu Amerika Kusini, Cienciano walicheza na Boca Juniors ya Argentina huko Fort Lauderdale, Florida, Marekani. Hapo ni pwani kabisa! Tevez akawatangulia, wakasawazisha mwishoni, 1-1, wakashinda kwa matuta 4-2. River na Boca wote wawili ndani ya miezi tisa, na hakuna hata mmoja aliyefungwa Cusco.

Kipa wa Mtaani
Nimefika kwenye matuta ya Florida nikavua kofia. Endeleeni.

Mama Kocha
Mimi naona mnazunguka. Swali lenye uzito ni nani ana haki ya kuamua mji upi ufae kwa mpira. Februari 2007 Flamengo wa Brazil walikwenda Potosí, Bolivia, karibu mita 4,000, wakatoka 2-2 huku wachezaji wakivuta oksijeni pembeni. Wabrazil wakalalamika, na Mei FIFA ikapiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500. Mwezi uliofuata ikasogeza hadi 3,000, La Paz ya Bolivia ikapewa ruhusa ya pekee, na 2008 marufuku yote ikawekwa kando. Hesabu hizo zilibadilika kwa siasa, si kwa mapafu. Na angalieni: hata ule mstari wa kwanza mkali wa 2,500 ungeiruhusu Arequipa.

Mbona joto la Barranquilla, mji wa pwani wa Colombia, halijapigiwa mstari? Colombia wamekuwa wakiwaita wageni huko mchana wa jua kali, na kila mtu anajua kwa nini. Mtu wa Cusco akishuka kwenye joto na unyevu wa pwani naye anateseka. Ila malalamiko yake hayafiki mbali, kwa sababu hana jina la Flamengo.

Mzee wa Jukwaa
Mama, hilo la siasa nakubali. Ila msinifanye niamini milima haishindi makombe. LDU ya Quito, Ecuador, mita 2,850, Sudamericana 2009: fainali waliwapiga Fluminense wa Brazil 5-1 huko Quito, wakaenda uwanja wa Maracaná, Rio, wakafungwa 3-0, wakachukua kombe kwa 5-4. Hiyo mtaiitaje?

Beki Tatu
Naiita milima, mzee, wala sibishi. Lakini klabu ya Bolívar ya La Paz ilifika fainali ya Sudamericana 2004, mwaka mmoja tu baada ya Cienciano, ikiwa juu kuliko Cusco. Ikashinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 2-0 na Boca ugenini, basi. Mlima unakupa mechi moja kati ya mbili. Ile nyingine lazima uicheze mwenyewe, na hapo ndipo kocha wa Cienciano, Freddy Ternero, aliwazidi wenzake.

Kipa wa Mtaani
Swali la mchokozi: kama Cusco ni silaha hivyo, mbona hadi 2025 hakuna klabu ya mji huo iliyowahi kuwa bingwa wa Peru? Real Garcilaso, majirani wa Cienciano, walishika nafasi ya pili 2012 na 2013. Cienciano wenyewe walishuka daraja 2015 wakarudi 2020, na mlima haukuhama.

Mama Kocha
Hapo umegusa penyewe. Timu za Lima zinapanda Cusco kila msimu, zimezoea, na zina fedha zaidi. Santos walipanda mara moja.

Mzee wa Jukwaa
Basi tukubaliane hivi: Santos waliuawa na mlima, River waliuawa na Ternero.

Beki Tatu
Nusu nachukua, mzee. Ya Santos bado nabisha. Ile 1-1 ya kule Brazil, Cienciano wameipata wapi?