Klabu ina ukata, tawi lisaidie vipi?

Swali: Wakuu, mwenyekiti na mfadhili Manji alijiuzulu Yanga 2017, na enzi za kocha Zahera bakuli la michango likatembezwa. Klabu ya mkoani kwetu nayo haina kitu. Tawi letu la mashabiki lianzie wapi kuisaidia?

Jibu: Tiketi kwanza, mkuu. Kuingia kwa kujuana kunaikausha klabu. Jezi feki vilevile, hela yote inaishia kwa mchuuzi.

Jibu: Michango isipite kwenye simu ya mwenyekiti! Fungueni akaunti ya tawi, watia saini watatu, risiti itumwe kwenye kundi siku hiyohiyo. Watu huacha kuchanga wasipoona hesabu.

Jibu: Muwe wavumilivu. Simba ilibeba ligi mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, ndipo Yanga ikarudi 2022. Na mkifungwa msirushe chupa, faini inatwishwa klabu hiyohiyo mnayoichangia.