Jabal Samhan kule Oman, kweli kuna chui jangwani?

Mkazi wa Mbagala:
Habarini wakuu. Shemeji yangu anaendesha lori Salalah mwaka wa nne sasa, juzi katutumia video ya milima mikavu, mawe matupu na jua kali, anasema ndo Jabal Samhan na huko ndani kuna chui wanalindwa na serikali. Mi chui ninayemjua ni wa kwetu, wa Serengeti, analala juu ya mti. Sasa pale hata nyasi sijaona, huyo chui anakula nini na maji anakunywa wapi? Mwezi wa nane naenda na wanangu wawili, tunaweza kumuona? Mwenye kujua anijuze tafadhali.

Ubani Mweupe:
Wapo mkuu. Nimeishi Salalah miaka sita kabla ya kurudi Dar. Ile ni hifadhi tangu 1997, kubwa kweli, kilomita za mraba kama 4,500. Chui wao ni mdogo, dume kilo 30 hivi, halafu kapauka rangi kama yale mawe yenyewe. Anakamata mbuzi mwitu wenye mapembe marefu yaliyopinda kwenda nyuma, swala, hata pimbi, hawahawa tulionao huku. Maji yapo kwenye vidimbwi chini ya makorongo. Na mwezi wa nane utashangaa, ni msimu wa khareef, ukungu unapanda kutoka baharini na milima ya upande huo inakuwa kijani kabisa, ila ukivuka mgongo tu ni jangwa. Sasa kumuona usiwaahidi watoto, mi miaka yote hiyo sijamuona, niliona picha tu za zile kamera wanazofunga kwenye mawe anapopita usiku. Waonyeshe mti wa ubani, gome likikwanguliwa linatoka tone jeupe kama maziwa, likikauka ndo huo tunaofukiza majumbani.

Mama Chuchu Ilala:
Naongezea kidogo maana hili linaniuma. Hao chui porini dunia nzima hawafiki 200, wafugaji waliwaua sana kwa ajili ya mbuzi wao na huwezi kuwalaumu moja kwa moja, mbuzi ndo ada ya mtoto. Lakini Oman hiyohiyo walikuwa na hifadhi ya choroa weupe, iliingizwa kwenye urithi wa dunia 1994, wakaja kuipunguza kwa asilimia 90 sababu ya mafuta, choroa wakashuka kutoka 450 mpaka 65, na 2007 UNESCO wakaifuta kwenye orodha hiyo, ya kwanza kufutwa duniani. Nikiikumbuka Selous yetu, nayo ni urithi wa dunia, roho inanidunda.

Mkazi wa Mbagala:
Asanteni sana, dada umenigusa. Basi nimemwambia shemeji aulizie kibali kwanza na tusiingize gari kwenye makorongo yenye vidimbwi, tutakaa juu na darubini. Mwanangu wa mwisho yeye keshaamua anataka kuona pimbi wa Kiarabu.