Betri ngapi kwa kibanda kisicho na umeme, Alberta, Kanada?

Kutoka: Red Deer

Wandugu, salaam. Tumepata kibanda cha mbao nje ya mji, hakuna nguzo ya umeme njia nzima. Nimeamua sola. Muuzaji kanipangia inveta (ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya volti 24 na betri nne za asidi, volti 12, ampea-saa 100 (kiasi cha chaji inachobeba) kila moja. Anasema jumla ni ampea-saa 400, hata siku mbili za mawingu nitavuka. Nina friji ndogo, taa, pampu ya kisima, kompyuta na rauta. Joto ni jiko la kuni. Mwenye uzoefu anisaidie.

Kutoka: Calgary

Kaka, usilipe bado. Hiyo 400 ni maneno ya dukani. Kwa inveta ya volti 24, betri zinaungwa mbilimbili kwa mfululizo: volti zinaongezeka, ampea-saa zinabaki zilezile. Jozi zako mbili zikiungwa sambamba, unapata ampea-saa 200 kwa volti 24, yaani wati-saa 4,800. Kwa lugha ya LUKU, uniti 4.8. Na betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua, kwa hiyo za kutumia ni 2.4 tu.

Matumizi yako nakisia hivi kwa siku: friji uniti 0.8, pampu 0.2, taa 0.15, kompyuta, rauta na simu 0.35. Wengi huishia hapo wakaisahau inveta yenyewe. Ikikaa imewashwa bila kazi na inakula wati 20, ni karibu nusu uniti kwa siku (soma karatasi yake). Jumla 2, ongeza asilimia 10 ya kupotea njiani, 2.2. Siku mbili ni 4.4. Kwa asidi zidisha mara mbili, 8.8, gawa kwa volti 24: ampea-saa 367. Betri nne za 200, siyo za 100.

Kutoka: Edmonton

Hesabu ya kaka ni sahihi, ila ni ya Dodoma. Betri ya asidi kwenye nyuzi 0 hupungukiwa kama moja ya tano, na kwenye -20 inakaribia nusu. Ikiachwa tupu huganda na kupasua kasha.

Lithiamu unaweza kutumia asilimia 80, kwa hiyo ampea-saa 230 zingekutosha. Lakini haichajiwi chini ya nyuzi 0, inaharibika. Mkiwa wikendi tu, moto ukizimika Jumapili kibanda chote kinaganda na jua la Jumatatu linaanza kuichaji. Ukiitaka, chukua yenye kinga inayokata chaji kwenye baridi. Mimi kwa kibanda cha wikendi ningebaki na asidi, niiache imejaa. Ikijaa haigandi kirahisi. Betri za asidi za kuongezewa maji zipate tundu la hewa, zinatoa gesi inayowaka.

Na Disemba mwanga huku ni saa saba na nusu hivi. Siku mbili zikipita bila jua, washa jenereta ndogo. Kuongeza betri za siku tano ni kuchoma hela.

Kutoka: Red Deer

Asanteni sana. Ni wikendi tu, dada. Januari friji naizima, nyama itakaa kwenye sanduku barazani. Fyuzi naweka wapi?

Kutoka: Calgary

Kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Na sanduku lifungwe kwa kufuli. Dubu wamelala, mbweha hawajalala.