Glasi sita za "bure": nimepigwa au nimejipiga mwenyewe?

Mama Juisi, Uyole

Habari zenu wakuu. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Baba watoto amekataa kulisikia tena, kwa hiyo nawaletea ninyi.

Nauza juisi ya parachichi hapa Uyole, Mbeya. Blenda yangu ya zamani ilianza kutoa harufu ya kuungua kila nikiiwasha, nikawa naangalia angalia mtandaoni. Nikakutana na tangazo la duka moja la Kariakoo (jina siweki): blenda, LEO TU 95,000 badala ya 140,000, na juu yake seti ya glasi sita BURE KABISA. Chini kuna saa inahesabu kurudi nyuma, zimebaki saa tatu na dakika kumi na mbili. Moyo ukanienda mbio utafikiri nasubiri matokeo ya form four.

Nikawaandikia. Mnajua swali langu la kwanza lilikuwa nini? "Glasi bado zipo?" Sikuuliza ina wati ngapi, sikuuliza garantii. Niliuliza glasi.

Wakajibu zipo, zimebaki seti mbili, lipia tukuwekee. Nikatuma 95,000. Ndipo likaja suala la usafiri: blenda 12,000, na zawadi 8,000 "kwa sababu inafungwa mzigo wake". Nikasita, lakini hela ilishaenda. Nikalipa. Jumla 115,000.

Mzigo ukaja na basi. Boksi MOJA. Blenda na glasi humo humo, zimezungushiwa gazeti, na stakabadhi ya basi imeandikwa 10,000. Glasi mbili zimepasuka. Nikapiga picha nikawatumia. Jibu: "Pole dada, zawadi haina garantii."

Mdogo wangu yuko Dar, nikamwomba apite Kariakoo. Blenda ile ile, boksi lile lile, duka la kwanza tu kaambiwa 75,000 kabla hata hajabembeleza. Seti ya glasi 9,000. Na lile tangazo? Leo siku ya kumi na moja bado ni LEO TU. Ile saa inaanza upya kila asubuhi. Nina skrinshoti za siku nne.

Baba watoto anasema hakuna aliyenishika mkono nikabonyeza namba ya siri. Ni kweli. Lakini naomba mnisaidie: huyu mtu amenidanganya, au hii ndiyo biashara na mimi ndiye mshamba?

Chuma cha Pua

Dada ulitaka mteremko. Ungeuliza bei sehemu tatu kabla ya kutuma hela, leo tusingekuwa hapa. Mwenye duka kakuahidi blenda, umepata. Kakuahidi glasi, umepata.

Mama Juisi, Uyole

Nimepata nne, kaka.

Winga Mstaafu

Chuma, usimseme mwenzio. Mimi nimekuwa winga Kariakoo, yaani dalali wa kuwatafutia wenye maduka wateja, miaka sita, na hayo matangazo nimeshayaandika kwa mkono wangu huu. Acha niseme yanavyopikwa.

Kwanza hiyo 140,000 haijawahi kuwepo. Hakuna mteja aliyewahi kuilipa. Inawekwa pale ili 95,000 ionekane ndogo. Mtu wa Mbeya au Songea hawezi kutoka duka moja kwenda jingine kulinganisha, kwa hiyo bei anayoiona pembeni ya bei ndiyo soko lake.

Pili, zawadi mara nyingi ni mzigo uliolala. Tajiri kaleta katoni za glasi, hazitoki, zinakula nafasi ya stoo. Akizishusha bei, wateja wa jumla watajua amebanwa. Akiziita zawadi, zinaondoka na heshima yake, na hela yake inarudi ndani ya bei ya blenda.

Tatu, na hapa Mama Juisi umeshajieleza mwenyewe bila kujua. Umesema swali lako la kwanza lilikuwa "glasi bado zipo?" Hiyo ndiyo kazi ya zawadi. Bila glasi ungeuliza "mwisho bei gani?" Tajiri wangu alikuwa anatuambia kabisa, mteja akianza kuulizia zawadi usimrudishe kwenye bei.

Ile saa ni mpangilio tu wa ukurasa. Unaiambia ianze upya kila ikifika sifuri, inatii.

Sisemi kila zawadi ni ujanja. Muuza duka anayechukua katoni kumi akaongezwa moja, hiyo ni bure ya kweli, kwa sababu bei ya katoni anaijua tangu mwezi jana. Kipimo changu ni kimoja: waulize bila zawadi ni bei gani. Wakikupunguzia, ujue hiyo zawadi ulikuwa unauziwa.

Karani wa Dodoma

Tutenganishe mambo mawili. Kuna utapeli mtupu, ule wa kiungo kinachozunguka WhatsApp na nembo ya kampuni kubwa, "jibu maswali matatu, tuma kwa watu 20, upate simu". Pale hakuna duka wala zawadi, wanatafuta taarifa zako au hela ya "kutolea mzigo". Ujumbe mfupi wa kitapeli unatumwa kwenda 15040, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaupokea. Na bahati nasibu ya promosheni iliyo halali hapa nchini inakuwa na kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ndiyo maana kwenye droo huwa mnamwona afisa wao amekaa pale mezani.

La Mama Juisi ni jingine. Duka lipo, mzigo umefika. Ila Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile iliyoanzisha FCC (Tume ya Ushindani), haisubiri mpaka uibiwe. Inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na bei ni miongoni mwa mambo asiyoruhusiwa kuyasemea uongo. "Badala ya 140,000" wakati haijawahi kuuzwa 140,000, na "leo tu" kwa siku kumi na moja, kwangu mimi hayo mawili ni mazito kuliko glasi zilizovunjika. Tunza hizo skrinshoti, meseji za malipo na stakabadhi ya basi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, walikupa?

Mama Juisi, Uyole

Risiti? Walinipa emoji ya mikono imekutanishwa.

Babu wa Leicester

Wanangu, nimecheka ya emoji, lakini nina kisa cha huku Uingereza ambacho waliokuwepo hawajakisahau. Mwaka 1992 Hoover, watengenezaji wa mashine za kufyonza vumbi, walitangaza kwamba ukinunua bidhaa yao ya zaidi ya pauni 100 unapewa tiketi mbili za ndege bure, kwenda na kurudi. Walianza na Ulaya, kisha wakaongeza Marekani. Hesabu yao ilikuwa kwamba fomu zitawachosha watu, wengi wataachia njiani, na watakaobaki watauziwa hoteli na bima. Wapi! Watu walinunua mashine wasizozihitaji ili wapate tiketi, nyingine zikauzwa tena zikiwa bado kwenye boksi. Kampuni ikaelemewa, wateja wakaipeleka mahakamani, hasara ikakaribia pauni milioni 50. Mwaka 1995 tawi lao la Ulaya likauzwa kwa Candy wa Italia.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu mnamcheka mama kwa kufuata glasi. Wazungu wenye madigrii walifuata ndege kupitia mashine ya vumbi.

Na sheria za huku tangu 2008 zilitamka wazi: usikiite kitu cha bure kama mteja atalipa chochote zaidi ya gharama isiyoepukika ya kujibu tangazo, na ya kukifuata au kuletewa. Usafiri halisi unaruhusiwa. Sasa boksi moja, basi moja, stakabadhi ya 10,000, na wewe umelipa 20,000. Hiyo 10,000 ya juu ilisafiri na nini?

Chuma cha Pua

Boda ya kutoka Kariakoo mpaka stendi ya Magufuli kule Mbezi nayo inalipwa, babu.

Winga Mstaafu

Inalipwa, ila haifiki 10,000 kwa boksi moja. Mizigo inakusanywa jioni, boda mmoja anabeba ya wateja kumi.

Mama Juisi, Uyole

Wakuu nimerudi. Nimefanya alivyosema Winga. Mdogo wangu amewaandikia kwa akaunti yake: "Naomba blenda, glasi sihitaji, ninazo." Dakika mbili tu wakajibu: "Bila glasi 80,000 mrembo."

Kwa hiyo glasi zangu za bure ni 15,000 ndani ya bei, na 8,000 ya usafiri. 23,000 kwa seti inayouzwa 9,000. Nimewatumia hilo jibu lao wenyewe pamoja na skrinshoti za ile saa, nikaomba warudishe angalau hiyo 8,000. Wameniblock. Karani, nitakutafuta pembeni unielekeze malalamiko ya FCC yanaandikwaje, maana sasa nimekasirika vizuri.

Chuma, nakubali ningeuliza bei kwanza. Lakini wao walijua bei mbili, mimi nikaonyeshwa moja.

Blenda yenyewe inasaga vizuri, sitasema uongo. Zile glasi nne nimeziweka mezani kwa wateja wanaokaa. Jana mmoja kazisifia akaniuliza nimezitoa wapi. Nikamwambia nilipewa bure.